Spinachi ya Kwaresima

Profesa Guranda haandiki kichwa cha somo.
Anaandika swali, chaki ikilia ubaoni:
Mwili unaifanya nini dawa?
Kisha chini yake, taratibu, kama anayedai deni:
Na dawa inaufanya nini mwili?
Anapangusa vidole. Tunanakili.
Nje, mvua ya Tbilisi inapiga mabati,
na kipasha joto cha ukumbi kinakohoa
kama mgonjwa wa wodi ya sita.

Mwezi mzima nimekariri safari ya kidonge:
kumezwa, kufyonzwa, kusambaa,
kuchakatwa na ini, kutolewa na figo.
Nimekariri kipokezi, kufuli inayongoja ufunguo wake,
na nusu-uhai, ule muda ambao dawa hupungua nusu,
halafu nusu ya nusu, halafu nusu ya hiyo,
kama mkate wa mtu mwenye majirani wengi.

Bachuki, ninayechangia naye dawati na usingizi,
ametunga vina ili tusisahau:

   Dozi ndogo ni mzaha, dozi kubwa ni jeneza,
   njia kati si ya raha, nyembamba, inateleza.

Tulicheka. Profesa hakucheka.
Alisema: iandikeni.

Leo ni zamu ya warfarini, mzuia damu kuganda.
Ini, anasema, huhitaji vitamini K
ili kufuma nyuzi za kuzibia jeraha;
warfarini humfichia mfumaji sindano.
"Na vitamini K hukaa wapi kwa wingi?"
Anatutazama juu ya miwani.
Kimya. Mtu wa nyuma anajibu: kwenye majani ya kijani.

Kalamu yangu ikasimama.

Kwa maana nilimwona Bibi Darejani, kule Zestafoni,
jikoni, moyo wake ukidunda ovyo kama mgeni mlangoni,
akiponda spinachi kwa jozi na kitunguu saumu,
akiviringa matonge,
akipachika juu ya kila moja punje ya komamanga.
Mfungo mzima: hakuna nyama, hakuna yai, hakuna jibini,
ila kijani, asubuhi na jioni, kwa utukufu wa Mungu.
Na daktari wa wilaya, akiona damu bado nzito,
akapandisha dozi. Akapandisha tena.
Hakumuuliza anakula nini.
Nani humuuliza mjane anakula nini?

Pasaka ilikuwa Jumapili iliyopita.
Mayai mekundu, mwanakondoo, jibini tele.
Spinachi imekwisha. Dozi imebaki kulekule juu.
Na jana katika simu aliniambia, akicheka,
kwamba fizi zinamtoka damu, mswaki mpya ni mkali,
na mkononi ana vilia la damu, hajui kajigonga wapi.
Nami, mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
mwenye daftari la rangi nne, nikamjibu:
nunua mswaki laini, Bibi.

Sikuomba ruhusa. Niliangusha kiti.
Koridoni simu iliita mara saba.
"Bibi, kidonge cha leo umeshameza?"
"Bado. Kuna nini?"
"Usimeze. Nenda hospitali sasa hivi, wakupime damu.
Waambie kuhusu spinachi."
Akanyamaza. Nilisikia saa yake ya ukutani.
"Kwa hiyo mfungo wangu ulikuwa dhambi?"
"La, Bibi. Ulikuwa dawa. Hatukuihesabu."
"Watoto wa siku hizi," akasema,
kisha akaanza kutafuta viatu, simu bado sikioni,
nami nikasimama pale nikisikiliza mtu akitafuta viatu
kama sijawahi kusikia mhadhara mwingine.

Niliporudi, Profesa alikuwa amefuta ubao.
Hakuniuliza nilikotoka. Bachuki alinisogezea maandishi yake.
Kwenye daftari langu maswali mawili yalibaki,
na kati yake nafasi ya mstari mmoja.
Nikaandika, kwa mkono ambao haujatulia:
Na mwenye mwili, amekula nini?